Kengele ya Yule Mwekundu

Fundi wa misalaba pale Lodwar analipisha kwa herufi. Ubao una bei moja, awe marehemu mfupi au mrefu, lakini herufi kila moja ina bei yake, na tarakimu vilevile. Nilimuuliza kama nafasi iliyo kati ya jina na jina inalipiwa. Akasema hailipiwi. Nikamuuliza kuhusu nukta. Akaweka brashi chini, akanitazama kwa huruma, kana kwamba nilichofiwa si baba bali ni akili.

"Dada," akasema, "wewe niambie tu jina la mzee."

Hapo ndipo nilipokwama. Mimi, ambaye wauza samaki wa Kalokol wakiniona kwa mbali hupandisha bei mapema ili wapate pa kushukia, nilisimama mbele ya ubao mtupu bila neno. Baba yangu alikuwa na majina mawili. Moja lina herufi tisa, la pili lina saba. Nilizihesabu mara mbili kwa vidole, mikono nikiwa nimeificha nyuma asinione. Kisha nikamwambia nitarudi kesho, nikaondoka na harufu ya rangi puani, na njia nzima nilikuwa nasikia kengele.

Nyinyi mlio wa rika langu mtaukumbuka mwaka ule ambao Turkana nzima ilisema mafuta yamepatikana. Sisi watoto tulidhani ni mafuta ya kupikia, tukawaonea huruma wenye maduka. Wakubwa nao walikuwa na ndoto zao, na mbele kidogo kulikuwa na uchaguzi, kwa hiyo magari yalikuwa mengi na ahadi nyingi kuliko magari. Baba alikuwa bawabu wa duka la vifaa vya ujenzi. Alivaa koti la kazi lililokuwa la mtu mnene zaidi, akashika rungu, akalinda mabati ya mtu mwingine. Kabla ya hapo alikuwa na ng'ombe. Ukame uliwachukua mmoja mmoja mpaka akabaki maksai mwekundu peke yake, ambaye baba alimleta mjini akawa anamlisha kando ya mto Turkwel kama mgonjwa aliyetoka hospitali.

Msomaji asiye wa kwetu nimweleze kidogo. Mwanamume wa kwetu huwa na maksai wake mmoja wa kuimbiwa. Humtengeneza pembe angali mdogo, zikue anavyotaka yeye. Humfunga kengele shingoni, humtungia wimbo, na jina la maksai huyo huwa jina la mwenyewe. Baba aliitwa Apaloreng, mwenye yule mwekundu. Maksai wa namna hiyo hauzwi, wala mwenyewe hamtoi watu wamle. Akifa kwa uzee au kwa maradhi, mwenyewe huwaita watu wa rika lake, wakalia naye.

Pembe ya kushoto ya mwekundu ilielekea mbele, ya kulia ilipinda kwenda nyuma. Jioni baba alipotoka kazini alisimama uani, akanyoosha mkono wa kushoto mbele, akakunja wa kulia nyuma ya kichwa, akavuma taratibu bila kufungua mdomo. Kwa muda mrefu nilidhani anajinyoosha mgongo.

Siku mwekundu alipoondoka mimi sikuwa nyumbani. Nilirudi nikakuta kigingi chake kiko na kamba iko, yeye hayupo. Nikamuuliza mama.

"Amekwenda milimani," mama akasema. Alikuwa anasuka kikapu cha mkoma, na hakuinua macho. "Huku majani yameisha."

"Atarudi lini?"

"Majani yakiisha na huko."

Nilikubali, kwa sababu bei ilionekana ya haki. Nilichoshindwa kuelewa ni kengele. Niliikuta siku moja ndani ya sanduku la mama, chini ya shuka. Kengele ya chuma, ndogo kuliko ngumi ya baba, yenye kijiti cha mti mgumu kinachogonga kwa ndani, na mkanda wa ngozi ulionuka mafuta, jasho na vumbi la mwekundu mwenyewe. Niliinusa mara mbili. Nikajiambia, huyu mnyama amesafiri bila kengele. Wakimtafuta watamsikiaje?

Basi mtaona wenyewe jinsi akili yangu ilivyokwenda nilipopata habari kwamba kuna tamasha la nyimbo milimani.

Lilikuwa la siku nne, nje, katika bonde la vilima vilivyo ng'ambo ya Kakuma. Watu wenye magari meupe walitaka nyimbo za zamani ziimbwe pamoja, za wenyeji na za wakimbizi wa kambini, ili watu wapatane. Kulikuwa na waliokuja kutoka Kalokol, wengine Kainuk, wengine Lowarengak. Ekal, mtu wa rika la baba aliyekuwa bado na mifugo huko vilimani, alipiga simu.

"Apaloreng, nimekuandikisha. Siku ya nne, saa kumi, kabla ya kufunga. Vijana wa huku hawajawahi kusikia wimbo wako."

Baba alisema ana kazi. Ekal akasema kazi ya kulinda mabati haitakimbia, mabati hayana miguu. Baba akanyamaza. Sasa ninajua kilichomnyamazisha. Kukataa kulihitaji sababu, na sababu aliyokuwa nayo haikuwa ya kusemwa kwenye simu.

Usiku ule sikulala upesi, nikawasikia.

"Utaimba nini?" mama aliuliza.

"Nitamwimba alivyokuwa."

"Na wakikuuliza yuko wapi?"

"Watu wakiimba hawaulizi."

Mimi nilisikia neno moja tu, kumwimba, nikalijumlisha na milima. Hesabu ilikuwa wazi. Baba anakwenda kumwita mwekundu. Nikalia mpaka nikaruhusiwa kwenda naye, na nguo zangu mbili nilipozifunga, kengele ilikuwa katikati, imejazwa kitambaa isilie.

Tulipanda lori la kwenda Kakuma, juu ya magunia ya unga. Nafasi nzuri ni ile ya pembeni, unaposhika bomba na kuona njia, na ilikuwa imechukuliwa na watoto wa mama mmoja wa Kainuk. Nilikuwa na bidhaa moja tu. Nilikuwa na kovu tumboni, refu, upande wa kulia, mahali nilipopasuliwa hospitalini kutolewa uvimbe ule tunaoambiwa unatoka kwa mbwa. Nyuzi kumi na nne. Niliwaambia watoto wale kuona mara moja ni bure, kushika ni nafasi ya pembeni. Walibishana kidogo, wakashika. Nilikaa pembeni hadi Kakuma, tukavuka laga moja baada ya nyingine, mito isiyo na maji, mchanga mtupu unaometa, na baba upande wa pili akinitazama nikifunika tumbo. Hakucheka. Nilidhani hakupenda biashara.

Kutoka Kakuma tulitembea asubuhi nzima. Vilima vile kwa mbali ni vya bluu, ukivifikia ni mawe ya rangi ya kutu na miti ya miiba. Bondeni kulikuwa na maturubai, boza la maji, jenereta, na spika mbili kubwa kama makabati. Siku ya kwanza nilihesabu vikundi kumi na saba. Nilirudia, nikapata kumi na nane, kwa sababu kwaya moja ya kambini ilikuwa imegawanyika ikigombana juu ya nani ashike maikrofoni. Kulikuwa na bendi ya Wakongo waliopiga gitaa hadi wazee wetu wakaanza kutikisa mabega huku wamekunja nyuso, kama watu ambao mabega si yao. Kulikuwa na wasichana wa Kalokol wakiruka ngoma ya edonga, shanga zikipanda na kushuka shingoni, vumbi likisimama palepale hewani kungoja waruke tena. Watoto walikula maharagwe bila kipimo. Nilipaswa kufurahi, na nadhani nilifurahi. Ila kazi iliyonileta ilikuwa nyingine.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na fahali watatu wamefungwa. Mmoja alikuwa mwekundu. Nilimzunguka. Pembe zake zilikuwa sawasawa, za kawaida, kama za ng'ombe asiye na mwenyewe.

"Wewe, unatafuta nini hapo?" mpishi akauliza. Alikuwa mnene, na kijiko chake kilikuwa kama kasia.

"Huyu mwekundu ni wa nani?"

"Wa sufuria."

"Kuna mwingine?"

"Wewe ni mkaguzi? Hawa watatu ndio chakula cha siku nne. Ukiongeza mwingine, mlete, nitamkaribisha."

Nilimwambia ninayemtafuta haliwi. Akasema hiyo ndiyo shida ya Turkana, ng'ombe wengi hawaliwi na watu wengi hawali.

Siku ya pili nilipanda juu ya jiwe nikahesabu kila mnyama bondeni. Ngamia sita, punda kumi na mmoja, mbuzi niliwaacha. Ng'ombe walikuwa wawili, kwa sababu mmoja alikuwa amekwishaingia sufuriani. Nikarudia kuhesabu.

"Ya biniya, wewe msichana nahesabu nini?"

Alikuwa mzee mrefu sana, mwenye mistari ya makovu kwenye paji la uso, ameketi juu ya jerikeni kivulini mwa jiwe langu. Jina lake Majok, Mdinka, aliuza sukari na majani ya chai pale kambini, na alikuwa amekuja na waimbaji wenzake.

"Ng'ombe," nikamwambia.

"Ngapi?"

"Wawili. Lakini yeye hayupo."

Hakuuliza yeye nani. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa habari za jirani.

"Mimi iko na moja," akasema. "Mweusi na mweupe. Pembe yake hivi." Akainua mikono yote miwili juu, ikafunguka kama mlango mkubwa.

"Yuko wapi?"

"Sudani. Vita nakuja, mimi nakimbia, yeye nabaki. Sasa miaka ishirini na kitu."

Nilipiga hesabu. Kisha nikapiga tena, nisije nikamwonea mzee wa watu. "Atakuwa amekufa," nikasema. "Ng'ombe hafikishi miaka hiyo."

"Wewe mtoto ya duka," akasema, akacheka bila sauti. "Mimi naimba yeye kila siku. Yeye bado kijana."

"Ukimwimba anakuja?"

Akatazama bonde. "Anakuja," akasema. "Kila mara anakuja."

Nilipokea maneno yale kama risiti.

Siku ya tatu baba hakula. Alikaa na Ekal na watu wengine wa rika lao juu ya viti vyao vidogo vya mbao, wakizungumza juu ya mvua na wanyama. Kila mara alipotajwa mwekundu, baba alisema jambo la zamani. Alivyovuka Turkwel ukiwa umefurika. Alivyomkataa mnunuzi mmoja kwa kumpiga teke. Wenzake walicheka, wakamwita kwa jina lake, Apaloreng, Apaloreng, na kila walipoliita niliona mabega ya baba yakinyooka kidogo ndani ya shuka. Kule Lodwar kwenye geti walimwita "bawabu" au "mzee wa geti". Nilikuwa sijajua kwamba baba ni mrefu.

"Na sasa yuko malisho gani?" Ekal aliuliza.

"Mbali," baba akasema.

Niliketi nyuma yake, kengele mapajani ndani ya nguo, nikijivunia kwamba mimi peke yangu ndiye niliyejua mpango.

Siku ya nne, saa kumi, jua lilikuwa limeanza kulegea, na mwenye maikrofoni akatangaza kwamba sasa tutasikia wimbo wa maksai kutoka kwa mzee wetu wa Lodwar. Watu wakatengeneza duara. Wenzake wa rika wakasimama nyuma yake ili wamwitikie. Baba alikuwa ameacha koti la duka. Alivaa shuka, na unyoya mmoja kichwani. Akakataa maikrofoni kwa mkono. Akasimama kimya kwanza, kisha mkono wa kushoto ukaenda mbele na wa kulia ukapinda nyuma, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba uani kwetu hakuwa akinyoosha mgongo. Alikuwa akimvaa mwekundu.

Sauti yake ilianza chini. Sikuwahi kumsikia akiwa amefungua mdomo. Aliimba mto, akaimba vumbi la kwato, akaimba doa dogo jeupe chini ya jicho ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Wenzake wakamwitikia kwa pamoja, na ile sauti ikagonga mawe ikaturudia. Wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Baba alikuwa analia, lakini sauti haikutetemeka.

Nikaona ndiyo saa yenyewe. Mwekundu hawezi kukosa kumsikia. Ila bonde lina njia nyingi, asije akapotea karibu na kufika. Nikafungua nguo, nikachomoa kitambaa, nikaingia katikati ya duara, nikasimama kando ya baba, nikapiga kengele kwa nguvu zangu zote.

Wenzake wa rika ndio waliokoma kwanza. Kisha vigelegele. Baba aliendelea maneno mawili matatu peke yake, mikono ikiwa bado pembe, halafu akaishusha polepole, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili.

Kengele ya maksai wa kuimbiwa haivuliwi shingoni akiwa hai. Kila mtu katika duara lile alilijua hilo isipokuwa mimi, mtoto wa mjini.

Ekal alisogea. Hakupaza sauti. "Apaloreng, mtoto ameshika nini?"

Baba alitazama mikono yangu.

"Amekufa?"

Baba akainamisha kichwa.

"Angekufa ungetuita," Ekal akasema. "Tungekuja kulia nawe. Hukutuita." Akangoja. "Nani alimvua?"

"Mimi."

"Akaenda wapi?"

"Bucha," baba akasema. "Lodwar."

Minong'ono ikapita kwenye duara kama upepo kwenye majani makavu. Kijana mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa. Ekal alimtazama baba kwa muda, na sasa nikiyakumbuka yale macho naona hayakuwa ya hasira. Alikuwa anangoja. Alikuwa amemfungulia mlango, sentensi moja tu ingetosha.

"Kulikuwa na sababu?"

Baba alinitazama. Nilikuwa nimesimama pale, kengele mkononi, nguo ikiwa imefunguka, tumbo langu wazi.

"Hakuna," akasema.

Mwenye maikrofoni alikuwa mtu wa ratiba. Akamshukuru mzee wetu kwa wimbo mzuri, akaikaribisha kwaya ya vijana wa kambini.

Nilimfuata baba hadi nyuma ya mawe. Hakunigombeza. Ningependelea kugombezwa, ningejua ukubwa wa kosa na mahali lilipoishia. Nilimwambia, "Hakuwa amefika bado. Umeacha kuimba mapema." Akaniwekea mkono kichwani, akauacha pale.

Mzee Majok akaja na jerikeni lake, akaketi bila kukaribishwa. Waliongea Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya mmoja wao.

"Mimi nasikia," Majok akasema.

"Wote wamesikia."

"Yangu pia watu nakula. Askari nakula, mimi najua. Naimba tu."

"Wako walikunyang'anya," baba akasema. "Wangu nilimshika kamba mwenyewe. Alinifuata. Hakuvuta hata kidogo, alidhani tunakwenda mtoni."

 Kule kwaya ilikuwa inaimba habari za furaha isiyo na mwisho, jenereta likikohoa kati ya beti.

"Wako ana kengele?" baba akauliza.

"Nabaki na yeye."

Baba akanigeukia, akanyoosha mkono. Nikampa. Aliifuta kwa ncha ya shuka, ndani na nje, akauzungusha ule mkanda mara moja puani mwake kwa haraka kama mtu anayefukuza nzi, kisha akamkabidhi mzee Majok.

"Chukua. Huyu hatembei tena."

Wadinka ndio waliofunga tamasha. Mzee Majok alisimama katikati, mkanda wa mwekundu ameufunga mkononi, akainua ile mikono yake mirefu ikafunguka juu ya vichwa vya watu, na kila aliporuka kengele ililia. Niliitambua. Ilikuwa inalia vilevile ilivyokuwa ikilia alfajiri kando ya Turkwel, nikiwa bado kitandani. Nilitazama njia inayoingia bondeni, nikitumaini mpaka mwisho. Nilihesabu milio mpaka nikapoteza hesabu, jambo ambalo si kawaida yangu. Vumbi likatua, watu wakaanza kukunja maturubai. Baba alikuwa ametazama chini muda wote.

Asubuhi watu wa rika lake walikuja kuagana. Ekal alimshika baba mkono.

"Safari njema," akasema, akasita pale ambapo jina hukaa. Macho yake yakaniangukia. "Safari njema, Apa Akai."

Baba wa Akai. Na Akai ni mimi. Mwingine akaja, naye akasema Apa Akai. Jina la zamani lilikuwa limebaki bondeni, na hakuna aliyelitaja tena, si Kakuma, si Lodwar, maana habari kwetu hupanda lori kabla ya mwenyewe. Sasa nitawaambia jambo ambalo nimelificha miaka yote. Nilifurahi. Nilirudi Lodwar juu ya magunia nikiwa nimevimba kichwa, kwamba baba alikwenda na jina la ng'ombe akarudi na jina langu. Niliona tumefanya biashara nzuri.

Tangu hapo hakuimba. Uani alikaa tu. Mzee Majok alirudi kwao mwaka uliofuata, akapitia Kakuma kuaga, na kabla mwaka haujaisha tukasikia kwao kumewaka tena. Sijui yuko wapi, wala kengele.

Mwezi uliopita baba alilazwa. Mkono wa kushoto ulikuwa na dripu, umefungwa kitandani asiuvute. Siku mbili za mwisho hakusema, lakini mkono wa kulia ulipanda, ukapinda nyuma ya kichwa, ukakaa hapo ukitetemeka. Nilidhani mto unamuumiza. Niliugeuza mto. Mkono ukapanda tena. Nikampa maji, hakutaka. Ule wa kushoto ulikuwa unavuta kamba ya dripu kwenda mbele.

"Mwache," mama akasema. "Anamvaa mwekundu."

Nilisema, kwa uchungu wa mtoto mkubwa, kwamba kama alimpenda hivyo, kwa nini alimpeleka bucha.

Mama alinitazama kana kwamba nimemuuliza jua hutokea wapi. "Akai, ulikuwa umepasuliwa juma lile. Damu, dawa, kitanda, vilitoka wapi?"

Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili. Nilirudi nyuma, siku kwa siku. Siku mwekundu alipoondoka sikuwa nyumbani, na sikuwa nyumbani kwa sababu nilikuwa hospitali. Nilihesabu tena. Ilitoka vilevile.

"Kwa nini hakuwaambia kule milimani? Ekal alimuuliza."

"Wewe ulikuwa umesimama hapo," mama akasema. "Angesema, wangemsamehe siku hiyohiyo. Na wewe ungekua ukijua umekula nini."

Mkono wa kulia ulishuka kabla ya alfajiri.

Kesho yake, kama nilivyomwahidi, nilirudi kwa fundi wa misalaba. Ubao ulikuwa umekauka, mweupe. Jirani alikuwa amekwishapita, akamwambia marehemu ni Apa Akai wa geti, na fundi, mtu mwema, alikuwa tayari amepima nafasi ya herufi saba kwa penseli.

"Futa," nikamwambia. "Andika Apaloreng."

"Hilo ni refu. Na huku hakuna anayelijua."

"Andika."

Aliandika kwa rangi nyeusi, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo. Alipomaliza akanisomea herufi moja moja, kama mtu anayekabidhi mzigo. Tisa. Wanawake wa makaa walikuwa wanapita na magunia yao, na wazee wawili walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha banda.

"Sasa soma jina zima," nikamwambia. "Kwa sauti."

Akasoma. Mzee mmoja akageuza kichwa.

"Tena," nikasema.